Lugha Iliyokatazwa Kisimani Malolo

Siku ya kuniaga, pale ofisini Ruangwa, pilau lilichelewa, na watu wakikaa na njaa hubishana. Baraka na Neema, mafundi wawili vijana niliowaachia spana zangu, walianzia kwenye simu wakamalizia kwenye meza ya soda. Baraka alikuwa amesoma mahali kwamba Kiafrikana, ile lugha ya Afrika Kusini, kinahesabiwa kuwa lugha ya Kiafrika, akakasirika kana kwamba ametukanwa yeye.

"Ile ya makaburu bana," alisema. "Imekuja na meli."

Neema akamwuliza kama Kiarabu kilikuja kwa miguu. Baraka akasema Kiarabu ni mambo mengine kabisa, kina heshima yake, na huko Misri na Sudani watu wanazaliwa nacho. Neema akasema hata hao wa Kusini wanazaliwa nacho hicho chao. Basi wakanigeukia mimi, maana mtu anayestaafu hudhaniwa kuwa ana majibu.

Sikuwajibu, nilikuwa namwangalia aliyebeba sinia. Lakini nilirudi nyumbani na lile swali, na nimekaa nalo tangu hapo. Ninayo habari moja inayolihusu, na siwezi kuisimulia bila kueleza kwanza kazi yenyewe. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mafundi vijana mnaobaki. Habari za vyeo sitazisema. Vilikuja kwa kuchelewa kama lile pilau, na vingine havikufika.

Nilianza kazi Mtua, upande wa Nachingwea, nikiwa kijana mwenye viatu vya kuazima. Idara ya maji ilikuwa na mtambo mmoja wa kuchimba visima, mkongwe, unaovuja dizeli kila ulipoegeshwa. Fundi wangu alikuwa Mzee Nampota, Mmakua mfupi mwenye sauti kubwa mno, kwa sababu kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa shimoni, ilikuwa imemla masikio na yeye alidhani viziwi ni sisi. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuugusa mtambo. Alinipa bakuli la bati, akaniambia nisimame pale mdomo wa shimo unapotapika vumbi, nikinge. Kila rodi ya chuma ikizama, nakinga zile chenga za mwamba, naziosha, nazipanga juu ya gunia kuanzia za juu mpaka za chini. Kufika mchana nilikuwa mweupe kama mwali wa unyago aliyepakwa unga. Nikamwuliza ni lini nitafundishwa kuchimba.

"Ndiyo unachimba sasa," akanifokea. "Yule kwenye mtambo anasukuma chuma tu."

Alinifundisha kuzishika chenga kwa vidole, kuzinusa, na mara nyingine kuziweka ulimini. Mwamba usio na ufa hutoa unga mkavu unaoruka na upepo. Mwamba wenye ufa hutoa vipande visivyolingana, vyenye kutu pembeni, na kutu maana yake maji yamewahi kupita hapo. Huku Ruangwa kuna na ule mwamba mweusi unaong'aa kama risasi ya penseli. Unaganda mikononi hata usugue na mchanga, na siku hizo mke wangu alikuwa akinitengea chakula nje. Nyie vijana mna vipimo vinavyoonyesha picha ya ardhi kabla ya kutoboa. Vitumieni, ni vizuri, lakini bakuli msilitupe.

Jambo jingine alilonifundisha halimo katika mwongozo wowote. Hatukutoboa ardhi ya watu bila kupiga hodi. Katika vijiji vyetu hodi hiyo ni mbili. Kwanza mzee wa ukoo wenye eneo, mara nyingi bibi, humimina unga wa mtama pale shimo litakapokuwa, akawataja waliolala chini mmoja mmoja na kuwaomba kwa lugha ya nyumbani. Kisha shehe husoma dua kwa Kiarabu. Mashehe wengine hugeuza uso kidogo wakati wa unga, kwa adabu, wakawa wanaangalia mikorosho.

Nilimwuliza Mzee Nampota kwa nini zote mbili.

"Hujui walio chini wanasikia lugha gani," akasema. "Halafu fundi mwenye haraka, siku rodi zikikwama, hapati mtu wa kumsaidia kuvuta."

Mpaka anaingia kaburini sikujua sababu ipi aliiamini zaidi. Nilichimba naye kote Nachingwea mpaka masikio yalipomwisha kabisa. Tulizika rodi nyingi ardhini ambazo mpaka leo ziko huko huko. Kijiji kimoja kilitupigia makofi asubuhi maji yaliporuka, kikaturushia mawe jioni kilipogundua ni ya chumvi. Kazi ya visima ina shukrani fupi.

Kazi ya Malolo ilikuja nikiwa tayari navaa miwani. Mtambo wetu ulikuwa umekufa moja kwa moja, kwa hiyo idara ilikodi mwingine kutoka Dar es Salaam pamoja na watu wake, na mimi nikatumwa kuusimamia, yaani nirudie kazi yangu ya bakuli. Kitongoji chenyewe kilikuwa cha wakulima wa korosho na ufuta, na kiangazi kile kilikuwa kibaya. Wanawake walikuwa wakifukua mchanga wa mto uliokauka, wanasubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe, na walikuwa wameanza kupigana kwa kugombania zamu. Mkataba ulikuwa wa mashimo mawili. La pili likitoka kavu, mtambo unaondoka, na kitongoji kinarudi mkiani mwa foleni ya wilaya. Ninyi mnaijua foleni hiyo.

Mwendesha mtambo alikuwa mtu wa Afrika Kusini, kutoka Cape Town, jina lake Isma. Alikuwa mtu wa makamo, wa rangi ya maji ya kunde, mwenye nywele za singa. Wanakijiji walidhani ni Mwarabu, wengine Mhindi. Alikuwa amechimba miaka mingi kwenye migodi ya dhahabu huko Geita, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha kuokota. Alikuwa Mwislamu, anaswali swala zote tano, na Bismillahi yake ilitoka vizuri kiasi kwamba Shehe Bakari, imamu wa pale na mwenyekiti wa kamati ya maji, alimpenda siku ya kwanza tu. Ila Isma alikuwa na tabia moja. Akichimba, na hata kompresa ikizimwa, anaongea na mtambo. Anaubembeleza, anaugombeza, anauchombeza tena, mfululizo, kwa lugha ya kwao. Nilimzoea upesi. Mzee Nampota naye alikuwa akiutukana wetu kwa Kimakua, tena matusi ya kweli.

Shimo la kwanza tulifanya kila kitu kwa utaratibu. Unga ulimiminwa na Bibi Somoe, mwanamke wa Kimwera mwembamba sana, ndiye mkubwa wa ukoo uliotoa eneo. Shehe Bakari aliangalia mikorosho wakati wa unga, kisha akasoma dua. Tukachimba mpaka rodi zote za kwenye gari zikaisha, na bakuli langu lilitoa unga mkavu tangu mwanzo mpaka mwisho. Isma akazima kompresa. Wanawake waliokuwa wamekuja na ndoo wakazigeuza wakazikalia.

Kesho yake tukapanda mteremko mdogo kwenda kwenye alama ya shimo la pili, tukakuta watu wamekaa chini mahali hapo hapo, wake kwa waume. Bibi Somoe alikuwa mbele yao na bakuli lake la unga limefunikwa.

"Simwagi," alisema. "Na bila mimi hamtoboi."

Nilimwamkia, nikamwuliza kuna nini. Hakunijibu mimi. Alimnyooshea kidole Isma.

"Anasema lugha gani huyo juu ya shimo?"

Isma akasema ni Kiafrikana, lugha ya mama yake. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akapaza sauti kwamba hiyo ni lugha ya makaburu, kila mtu aliyekuwa na redio enzi za ukombozi anaijua, na ndiyo iliyofunga maji. Umewaomba wazee kwa Kimwera, umemwomba Mungu kwa Kiarabu, halafu mtu anakuja kuwasemea juu kwa lugha ya adui, unategemea nini? Vijana waliokuwa nyuma wakasimama. Wawili walikuwa na mapanga. Kila mtu kule anatembea na panga, lakini namna walivyoyashika sikuipenda. Niliangalia lori letu lilipo, nikaona limezibwa na watu. Niliogopa.

Shehe Bakari alijaribu kupoza. Akamgeukia Isma kwa upole, kama mzazi. "Ndugu yangu, wewe ni Mwislamu. Sema na mtambo wako kwa Kiarabu, yaishe. Kiarabu hapa ni chetu. Babu zangu wamekisoma hapa kabla barabara haijakuja."

Nilimwona Isma anapandisha pumzi. "Shehe, Kiarabu nani alileta hapa?"

"Kililetwa na dini."

"Sawa. Mimi changu kililetwa na meli. Lakini bibi ya bibi yangu alikuwa mtumwa. Yeye na wenzake, jikoni, shambani, wote wametoka mbali, kila mtu na lugha yake. Walichukua Kidachi ya bwana, ile ya Uholanzi, wakavunja, wakatengeneza ya kwao. Kaburu alikuja nyuma, akasema hii yangu peke yangu. Sasa na wewe unampa? Unamwambia haya, chukua?"

"Lakini si ya Afrika," akasema yule mzee.

"Ilizaliwa wapi, babu? Ulaya hawaisemi. Hii haina nyumba nyingine."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichota ule unga mkavu wa mwamba uliokuwa kwenye ndoo yangu ya sampuli, akaumimina chini, akausawazisha kwa kiganja. Akachuchumaa, akaandika kwa kidole kuanzia kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu. "Shehe, soma."

Shehe Bakari aliinama. Herufi alizijua zote, aliisoma sentensi kwa sauti yake nzuri ya msikitini, kisha uso ukamwiva. "Nimesoma," alisema. "Sikuelewa hata neno."

"Ndiyo Kiafrikana hiyo. Madrasa za kwetu, zamani sana, wazee waliandika hivi, kabla makaburu wenyewe hawajawa na vitabu vyake. Nimeandika, Mola, tupe maji."

Shehe hakuinuka mara moja. Baadaye aliniambia kwamba marehemu baba yake alikuwa akiwaandikia ndugu barua za Kiyao kwa herufi hizo hizo, na kwamba pale chini aliona mwandiko wa baba yake. Alipoinuka alisema tu, "Hii ni dua. Mimi sina neno." Nikaona mapanga yanashuka, nikavuta pumzi, nikadhani yamekwisha. Nilikuwa tayari namwangalia msaidizi wa Isma nimpe ishara ya kusogeza lori.

"Nyie mmesoma," akasema Bibi Somoe. Hakuwa amesogea hata kidogo. "Mimi sijui kusoma. Mimi nina masikio."

Akalipakata bakuli lake.

"Mume wangu Saidi alikwenda kwenye migodi ya huko Kusini nikiwa na mimba ya kwanza. Alirudi na kifua kibovu. Tulikaa vizuri, alikuwa mpole, muulizeni yeyote. Alipolala kitanda cha kufa, Kiswahili kikamtoka, Kimwera kikamtoka, ikabaki hiyo. Nikimsogelea na uji, ananitolea macho, ananifokea kwa lugha hiyo, ananisukuma na mkono. Kila nikisogea, ananisukuma. Alikufa ananifukuza. Sijui nilimkosea nini." Akafunua bakuli, akaliangalia, akalifunika tena. "Nikimimina unga nawataja wote waliolala. Yeye simtaji. Amenikataa, nimemwacha. Sasa nyie mnataka niite wazee halafu huyu mgeni aseme maneno yale juu yao? Saidi naye yuko chini."

Mambo ya meli na watumwa yalikuwa yameisha pale pale. Isma alivua kofia. Baada ya muda alisema kwamba ikiwa Bibi atatoa unga, yeye atachimba akiwa amefunga mdomo. Alichukua kitambaa chake cha kuzuia vumbi, akakikaza usoni mpaka chini ya macho, akafunga fundo nyuma.

"Neno moja likitoka," akasema Bibi Somoe, "mnaondoka na chuma chenu."

Nikamwambia ndiyo. Shehe Bakari akasema ndiyo. Unga ukamiminwa.

Sijui kama mmewahi kuendesha mtambo na bubu. Mimi nilijifunza siku ile jinsi maneno yanavyofanya kazi kubwa bila sisi kujua. Kila kitu kikawa kwa mikono, nyanyua, shusha, ngoja, na kwa kuwa vumbi ni jingi tulikuwa tunaonana nusu nusu. Isma alikuwa akifanya kazi mabega yamepanda, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Mara mbili niliona kitambaa kinatikisika mdomoni, kisha kinatulia. Mimi nilikinga chenga zangu. Mwamba wa juu ulikuwa ule ule, mkavu.

Bibi Somoe alikaa kwenye kigoda nje ya kamba tuliyoizungusha kuzuia watu. Alikuja kulinda neno lisitoke, na hakulificha hilo. Lakini kompresa ina kelele, na kwa pale alipokaa hakusikia chochote. Akasogeza kigoda. Nilimpungia mkono arudi, akarudi kidogo. Nikiinama kwenye bakuli akasogea tena. Nilipomwona mara nyingine alikuwa tayari ndani ya kamba, ameinamisha shingo kuelekea kwa Isma, anatafuta kusikia kama kile kitambaa kinatoa neno. Nilimwita Shehe amwondoe. Shehe alikwenda, akarudi ametimuliwa.

Mchana ulipoanza kupinda, chenga zikabadilika. Vipande vikaja vikubwa kwa vidogo, na vina kutu. Niliviosha mara ya pili kwa kuogopa macho yangu yananidanganya, nikampelekea Isma mkononi, nikaona macho yake juu ya kitambaa yanacheka. Rodi nyingine iongezwe. Msaidizi akaifunga rodi kwenye waya wa winchi, ikaanza kupanda hewani, imesimama wima, ndefu na nzito kuliko watu wanne. Mimi nilikuwa naangalia kutu. Watu wote nje ya kamba walikuwa wananiangalia mimi, kwa sababu nilikuwa nimetabasamu.

Isma ndiye aliyeuona waya. Uzi mmoja ulikuwa umekatika juu kwenye kapi, lile gurudumu la kuvutia waya, na nyingine zinafumuka. Chini ya rodi, juu ya kigoda chake, alikuwa Bibi Somoe ameweka kiganja nyuma ya sikio.

"Staan terug!"

Isma alikuwa amekwisha kuking'oa kitambaa. Sijawahi kusikia sauti namna ile ikitoka kwa binadamu, ilipita juu ya kompresa kama kompresa haipo. Hakuna mtu pale aliyeielewa lugha ile, na sote tuliruka nyuma. Isipokuwa Bibi. Yeye aligeuka akamtazama Isma usoni, akaganda hivyo hivyo, amekaa. Isma alimfikia kwa hatua mbili, akampiga kifuani kwa mkono uliofunguka, akamrusha chali kwenye majani. Rodi ikaanguka mahali pake. Kigoda kikawa kuni.

Msaidizi alizima kompresa. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya kamba, maana walichokiona wao ni mgeni amempiga bibi yao kifuani, na amesema lile lililokatazwa. Nilijiweka mbele ya Isma nikiwa na bakuli mkononi, silaha ya ajabu. Shehe Bakari alinyanyua mikono yote miwili, anaomba wasubiri, wasubiri tu. Isma alikuwa amepiga magoti kwenye majani, analia.

"Samahani, Bibi. Nilishtuka. Ilitoka yenyewe. Samahani."

Bibi Somoe aliketi. Aliangalia rodi ilivyochimba mahali alipokuwa, kisha akajishika kifuani pale mkono ulipompata. Akaacha kiganja hapo.

"Rudia," alisema.

Isma akatikisa kichwa.

"Mwanangu, rudia ulichosema. Ndiyo hayo. Ndiyo maneno yale yale."

Akayarudia, kwa sauti ndogo sana.

"Maana yake nini?"

"Rudi nyuma. Kaa mbali." Isma alijifuta uso, akajipaka matope. "Ni neno ya mgodini, Bibi. Mtu yuko mbele anaona mwamba unataka kushuka, anamwambia wa nyuma. Kila saa tunasema. Hata kwenye ndoto."

"Na mkono?"

"Mkono ni wa kumtoa. Kama hasikii."

Wale wanaume walisimama walipokuwa. Bibi Somoe akasema, bila kumwangalia yeyote, "Kumbe alikuwa ananitoa." Akarudia tena kwa Kimwera, na wanawake waliokuwa nje ya kamba wakaanza kulia, na mimi nililia, sioni aibu kuliandika. Miaka yote ile mwanamke amelala na uchungu wa mtu aliyemfukuza, kumbe mtu mwenyewe akilini alikuwa yuko mgodini, chini ya ardhi, anaona jiwe linashuka, na mkewe anakuja na uji.

Tulibadilisha waya. Sikuacha mtu aushike kabla sijaukagua mwenyewe toka ncha mpaka ncha, na ninawaomba ninyi mfanye hivyo kila asubuhi, mtambo mkodi kwa nani mkodi kwa nani. Isma alipotaka kufunga tena kitambaa, Bibi Somoe alimzuia. "Mwacheni aseme," alituambia, kana kwamba sisi ndio tuliokataza. Basi akachimba akisema. Aliubembeleza ule mtambo kama mgonjwa. Katika rodi ile ile vumbi likaanza kushikana, likawa uji, likawa tope, halafu shimo likakohoa na maji yakaruka mpaka juu ya kapi, ya kijivu kwanza, baadaye meupe. Nilionja. Hayakuwa na chumvi.

Siwezi kuwaeleza vurugu iliyofuata, ndoo, vigelegele, watoto uchi. Katikati ya hayo nilimwona Bibi Somoe amemshika Isma mkono wa shati, amemvuta pembeni, anamwuliza jambo. Isma aliinama kumsikiliza, akafikiri, akasema kitu taratibu. Bibi akakirudia. Isma akasema tena. Wakafanya hivyo mara kadhaa, kama watoto wa madrasa, kisha Bibi akachukua bakuli lake la unga akashika njia ya makaburini.

Tulimfuata kwa mbali, mimi, Isma na Shehe Bakari, tukabaki kwenye mikorosho. Aliinama kwenye kaburi ambalo majani yalikuwa yamelifunika lote. Aliyang'oa kwanza. Kisha akamimina unga, akaanza kuwataja waliolala, baba zake, mama zake, dada, watoto wawili. Mwisho akataja Saidi. Shehe alinishika mkono kwa nguvu. Akaninong'oneza kwamba tangu wamzike hajalisikia jina lile mdomoni mwake.

Bibi Somoe alichezesha midomo kwanza, akijikumbusha maneno. Halafu akasema, polepole, kwa ulimi wa Kimwera, "Ek het jou gehoor."

Nilimwuliza Isma amesema nini.

"Nimekusikia," alisema Isma. "Anamwambia, nimekusikia."

Safari hii Shehe Bakari hakugeuza uso. Aliinua viganja vyake akasema amina.